Kulipeleka shairi barazani: namna ya kuomba marekebisho na kuyafanyia kazi

Mtunzi mchanga wa Unguja au Pemba akisoma shairi lake mbele ya watu, jawabu la kwanza huwa "MashaAllah, hongera," na mara nyingi ndilo hilo hilo la mwisho. Si kwamba wasikilizaji hawakuona kasoro. Wameziona, ila adabu inawazuia kumtoa mtu kasoro hadharani na mwenyewe hakuomba, na wengine hawajui waanzie wapi. Basi kazi ya kupata marekebisho ya kweli inaanza kwa mtunzi: aseme anataka kuambiwa nini, alete maandishi yanayosomeka, achague watu wanaofaa, kisha anyamaze wenzake wafanye kazi.

Lihesabu kabla hujamwonyesha mtu

Ukipeleka shairi lenye makosa ya hesabu, kikao chote kitakwisha kwenye hesabu. Wazee wa fani watakamata mizani (silabi) iliyozidi katika mshororo wa kwanza, na hapo hakuna atakayefika kwenye maana. Makosa ambayo unaweza kuyaona mwenyewe yaondoe nyumbani.

Shairi la kawaida la mishororo minne lina mizani 16 kila mshororo, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), na kina cha kati na cha mwisho. Utenzi una vipande vinne vya mizani 8 kila ubeti; vitatu vya mwanzo vinashirikiana kina, na cha nne kinabeba kina cha bahari kinachokwenda mpaka mwisho wa utenzi. Hayo wengi wameyasoma skuli. Wanapokwama ni kwenye kuhesabu silabi zenyewe, kwa hiyo hapa inafaa kwenda polepole.

Andika mshororo kwa kuukata silabi moja moja kwa kistari: *m-si-mu u-me-sha-fi-ka*. Usihesabu kwa macho. Irabu mbili zilizofuatana ni mizani mbili: *huu* ni mbili, *karafuu* ni nne, *mtaani* ni nne. *Kw*, *bw*, *sh* na *ng'* hazina mizani yao peke yao. Zinakwenda na irabu inayofuata. M inayotangulia konsonanti ina mizani yake katika *mtu*, *mkono* na *mpunga*, lakini katika *mbuzi* na *mbegu* imeungana na b, kwa hiyo kila moja ni mizani mbili tu. Maneno mafupi kama *nchi*, *mbu*, *mbwa* na *nge* ni mizani mbili kila moja, kwa sababu sauti ya mwanzo ndiyo inayobeba mkazo. Na kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: *mbaya* ni mizani tatu ukisema "mtu mbaya" (m-ba-ya), na mbili ukisema "nyumba mbaya" (mba-ya). Neno limeandikwa vile vile, ila mdomo unalitamka mbali mbali.

Mtego mwengine ni ritifaa, ile alama ya kukata herufi ('). Mtunzi akizidiwa na mizani anaandika *n'takuja* badala ya *nitakuja* akidhani amepunguza moja. Hajapunguza kitu: ni-ta-ku-ja ni nne, na n-ta-ku-ja ni nne, maana ile n sasa inasimama peke yake. Inkisari (kufupisha neno) inayopunguza kweli ni kama *aliyekuja* (tano) kuwa *alokuja* (nne). Kinyume chake, mazida huongeza: *afya* iwe *afiya*. Ama *dunia* kuwa *duniya* ni tabdila, sura imebadilika na hesabu imebaki tatu.

Yapo maneno ambayo watu wa fani wenyewe hawakubaliani, kama *labda* na *daktari*. Wengine wanaipa mizani konsonanti ile isiyo na irabu, wengine hawaipi. Jambo hili lisiwe ugomvi wa kila kikao. Kundi lenu likubaliane mara moja, liandike, na kila mtu afuate.

Ukishahesabu, tazama pumziko. Mshororo unaweza kutimia 16 na bado ukawa mbovu kwa sababu neno limekatwa katikati ya ukwapi na utao. Chukua huu: *Jana tumerudi na makapu tele mtaani*. Hesabu yake ni 16 kamili, lakini mizani ya nane ni *ma-* ya *makapu*. Msomaji akivuta pumzi pale, neno linavunjika. Kwa anayetungia taarabu kosa hili ni zito zaidi, kwani mwimbaji hana pengine pa kupumulia.

Vina navyo visikilize, usivitazame tu. *-nga* si *-ga*, na *-mba* si *-ba*. Kwa masikio ya visiwani *radhi* haitoshelezi kina cha *kazi*, wala *-gha* haishikani na *-ga*. Msikilizaji wa Mji Mkongwe au wa Wete atalishika hilo kabla hujafika mwisho wa ubeti.

Sema ni bahari gani na unataka nini

Juu ya karatasi andika mistari miwili. Wa kwanza useme ni aina gani: shairi la mishororo minne, wimbo wa mishororo mitatu, utenzi, takhmisa (ubeti wa mishororo mitano), au shairi huru lisilofuata mizani na vina. Kila bahari ina sheria zake na huhukumiwa kwa hizo. Shairi huru likipelekwa bila ya kutajwa litaitwa guni, yaani shairi lenye kasoro ya mizani au vina, na mtunzi atarudi nyumbani na maneno yasiyomsaidia. Kwa shairi huru wasomaji waulizwe mambo mengine: mistari imekatwa pahala pake, picha zinashikana, sauti inajirudia kwa sababu au kwa uvivu.

Mstari wa pili uwe maswali yako, mawili au matatu, si zaidi. "Naomba maoni" si swali. Linazaa "nzuri sana". Swali linalozaa kitu ni kama haya:

- Ulimi wako umekwama wapi?
- Kibwagizo kimeanza kukuchosha ubeti wa ngapi?
- Ubeti wa tatu umeuelewa bila ya mimi kukueleza?
- Ungeondoa ubeti mmoja, ungeondoa upi?

Hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote kwa mtu mwenye haya ya kukosoa. Halimlazimishi kusema baya, linamtaka achague tu. Watu watatu wakichagua ubeti mmoja, umeshapata jawabu lako.

Vile vile useme kama unataka marekebisho au unataka jawabu. Visiwani shairi hujibiwa kwa shairi, na malumbano ya watunzi Kamange na Sarahani kule Pemba yangali yakitajwa mpaka leo. Huo ni utamaduni wa kuenziwa, lakini malumbano na marekebisho ni kazi mbili. Anayekujibu kwa bahari yako na vina vyako anapimana nguvu na wewe. Hakuambii mshororo gani umelegea. Wapo watunzi ambao mashairi yao yamejibiwa mara nyingi na hayajasahihishwa hata mara moja. Ikiwa umeandika "nataka marekebisho" na mtu akaja na beti za kujibu, zipokee kwa heshima, kisha mkumbushe ombi lako.

Watu na wakati

Kikao kizuri ni cha watu wanne mpaka sita. Wakizidi hapo, wawili watazungumza na waliobaki wataitikia. Kati yao awepo mmoja anayeijua arudhi (sheria za mizani na vina), awepo mmoja mwenye lugha pana, khasa mtu mzima aliyekulia shamba, na awepo mmoja asiyetunga kabisa. Huyu wa tatu watu humsahau, na yeye ndiye atakayekwambia kama shairi linaeleweka. Mafundi wa fani wana tabia ya kujaza wenyewe pale mtunzi alipoacha pengo.

Ukimwendea mtu mzima, usimtupie karatasi njiani. Mwendee baada ya alasiri au baada ya isha, wakati baraza imetulia. Mwezi wa Ramadhani ni baada ya tarawehe. Sema, "Maalim, shikamoo. Nina beti sita hapa, naomba unitupie jicho. Mizani nimeshazihesabu, kilichonishinda ni kibwagizo." Ukimwambia umeshafanya nini na umeshindwa wapi, anaona hujaja kumbebesha kazi yako. Akijibu kwa mkato, "Hili guni," usiondoke. Muulize kwa adabu: "Naomba unionyeshe mshororo ulionitoa, Maalim." Aghalabu atakuonyesha, na pengine atakusomea beti za zamani kichwani kukupa mfano. Ziandike.

Wanawake wengi hawakai barazani, na wakutane majumbani au skuli baada ya darasa. Kundi likiwa la simu, kama WhatsApp, utaratibu ule ule unafaa, kwa sharti moja: maandishi yatangulie, sauti ifuate. Sababu yake imo katika mahadhi. Shairi likighaniwa, sauti inaweza kuvuta silabi moja ikaziba pengo la mizani iliyopungua, au ikabana mbili zikapita kama moja. Aliyeghani vizuri anaweza kupitisha kipande cha mizani 7 na hakuna atakayestuka. Kwa hiyo mara ya kwanza shairi lisomwe kavu, bila ya mahadhi, na mahadhi yaje mwisho.

Kiasi cha kupeleka: beti tano mpaka nane za shairi, au beti kama ishirini za utenzi. Utenzi wa beti 120 hausomwi na mtu kwa kikao kimoja; peleka kipande na useme kinatoka wapi. Andika kwa nafasi, acha ukingo mpana kulia, zipe beti nambari, na toa nakala kwa kila mtu. Bila ya nambari mtapoteza muda mkitafutana: "ule mshororo wa… ule wenye bahari…"

Kikao chenyewe

Shairi moja litosheke na dakika 30. Mtunzi asome mara moja. Kisha mtu mwengine, ambaye hajaliona, alisome kwa sauti. Usomaji huu wa pili una faida kuliko maoni yote yatakayofuata. Mtunzi anajua shairi lake linatakaje kusomwa, kwa hiyo analisaidia bila ya kujijua. Mgeni hawezi kulisaidia. Atakapokwama, atakaporudia neno, atakaposoma swali kama habari, tia alama kwenye nakala yako. Usimsahihishe.

Baada ya hapo mtunzi anyamaze. Hii ni ngumu, na ni lazima. Akianza kueleza "hapa nilikusudia…", wasomaji wataacha kusema walichosoma wataanza kusema alichowaambia. Ikiwa maelezo yanahitajika ili mshororo ueleweke, maelezo hayo pahala pake ni ndani ya shairi. Anachoruhusiwa mtunzi ni kuandika, na kuuliza "mshororo upi?" pale ambapo hakusikia. Bora zaidi mtu mwengine ashike kalamu, mtunzi asikilize tu.

Wasomaji wafuate mpango: kwanza kila mmoja aseme kwa sentensi moja shairi linazungumza nini. Msianze na makosa. Ikiwa wawili wanasema ni shairi la mapenzi na wawili wanasema ni la siasa, hilo mtunzi alijue mapema. Halafu arudhi, halafu lugha, mwisho maana na mpangilio wa beti. Mkiruka ruka, mambo ya hesabu yatameza yote.

Katika kutoa maoni, taja pahala, taja kilichotokea, taja sababu. "Ubeti wa pili umelegea" hausaidii. "Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, utao: umesema tena kilichosemwa mshororo wa kwanza, nimeusoma sikupata jipya" unasaidia. Usimtungie mwenzako mshororo. Ukiona lazima upendekeze, toa mapendekezo mawili badala ya moja, ili achague au akatae yote. Likiwa moja litageuka amri, khasa likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo.

Mfano wa ubeti mmoja

Huu ni ubeti kama ulivyoletwa kikaoni, juu ya wachumaji wa karafuu:

*Msimu huu umefika, karafuu zi mtini,*
*Makapu yamejaa tele, tushukapo kileleni,*
*Juani twazianika, majamvi yapo uwani,*
*Jasho letu lakauka, mbona hatuna thamani?*

Hesabu kwanza. Ukwapi wa mshororo wa kwanza una mizani 9, kwa sababu *huu* ni mbili. Dawa yake ni nyepesi: *Msimu umeshafika*, nane. Ukwapi wa pili nao ni 9 (ma-ka-pu ya-me-ja-a te-le), na kina kimevunjika: wenzake wanaishia *-ka*, yeye *-le*. Mtunzi akirekebisha haraka ataandika *Makapu yanajazika*. Mizani nane, kina kimepatikana. Lakini hapa msomaji wa lugha aingie: nani anasema kapu "linajazika" akiwa anashuka mkarafuu? Neno limeitwa na kina, halikuitwa na jambo. *Makapu tumeyashika* ina mizani nane vile vile, ina kina, na ndivyo mtu anavyoshuka, kapu mkononi.

Mshororo wa tatu hauna kosa la arudhi hata moja. Hata hivyo ndio dhaifu kuliko yote. Kibwagizo kinalalamika kwamba watu hawana thamani, na hakuna kilichotangulia kinacholeta lalamiko hilo. Majamvi kuwepo uwani hakumdhulumu mtu. Mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma, na thamani yake inapimwa hapo. Mtunzi akiambiwa hivyo tu, bila ya kutungiwa, anaweza kurudi na hii:

*Msimu umeshafika, karafuu zi mtini,*
*Makapu tumeyashika, tushukapo kileleni,*
*Kwa pishi twakadirika, ujira wa mkononi,*
*Jasho letu lakauka, mbona hatuna thamani?*

Kibwagizo hakikuguswa hata herufi, lakini sasa swali lake lina pa kusimama, kwa kuwa *twakadirika* imeshafungua mlango wa *thamani*. Ndiyo maana maoni ya maana yaje baada ya hesabu, na yasiachwe.

Lugha ya kwenu, na mafumbo

Mtunzi wa Tumbatu, Makunduchi au Micheweni ana maneno ambayo mtu wa mjini hayajui. Msomaji atayatia alama kwamba ni makosa. Usiyafute kwa haraka. Marehemu Haji Gora Haji, mshairi mzaliwa wa Tumbatu, alisifika nje ya visiwa bila ya kukimbia lugha ya kwao. Jiulize mambo mawili tu: neno hili lina mwenzake wa Kiunguja anayebeba maana ile ile na uzito ule ule? Na msomaji asiyelijua anaweza kulikisia kutokana na mshororo? Ikiwa mwenzake hayupo, libaki, na ukitaka weka maana yake chini ya shairi. Kwa neno la shaka lipo kamusi la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), lililotoka 2010. Kutokuwemo kwake humo hakulifanyi neno kuwa kosa, kunakutaka tu uwe na hakika na matumizi yake kwenu.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni maneno ya kaskazini, ya Lamu na Mombasa, ambayo watunzi wanayachukua kwa kusikia harufu ya ushairi wa kale: *mato* (macho), *ndia* (njia), *moya* (moja). Mtunzi anayeandika *njia* ubeti wa kwanza na *ndia* ubeti wa nne ataulizwa kwa nini, na "kwa ajili ya kina" ni jawabu dhaifu. Ama shairi zima livae vazi hilo, ama liliache.

Mafumbo nayo yana kipimo chake. Wape watu watatu shairi, kila mmoja peke yake, na uwaulize wameelewa nini. Wote wakisoma la juu tu, kwamba ni mti na ndege na bahari, fumbo limezama mno. Ongeza ishara moja, aghalabu katika kibwagizo. Wakitofautiana lakini kila mmoja ana hoja, liko vizuri. Wote wakimtaja mtu mmoja wa mtaani kwa jina, hapo hakuna fumbo tena, ni mpasho, na visiwa ni vidogo. Ondoa kile kilichomtambulisha, iwe kazi yake, nguo yake au nyumba yake, kabla shairi halijatoka mikononi mwako. Kulifuta baadaye hakuwezekani.

Baada ya kikao

Usiliguse shairi siku ile ile. Moyo ukiwa moto utafuata kila kilichosemwa au utakataa chote. Acha siku tatu au nne. Kisha chukua nakala zote, hamisha maoni kwenye nakala moja, na utazame pale alama zinaporundikana. Wasomaji wawili wakikwama pahala pamoja, pahala hapo pana tatizo hata kama dawa walizotoa zinapingana. Huna haja ya kufuata dawa ya yeyote. Una haja ya kukubali ugonjwa. Alama ya mtu mmoja tu ipime: huyo alikuwa nani, na alisema juu ya jambo analolijua? Anayeijua arudhi akisema kina si sawa, mwamini. Akisema hapendi maudhui, hayo ni maoni ya msomaji kama wasomaji wengine.

Ukibadilisha neno lenye kina, rudi mwanzo wa ubeti. Kama shairi ni la mtiririko, yaani vina vya kati na vya mwisho ni vile vile beti zote, kina kimoja ukikibadilisha umezigusa beti zote. Mara nyingi ni nafuu kuutunga ubeti mzima upya kuliko kuutia kiraka. Kwa ukaraguni, ambapo kila ubeti una vina vyake, una uhuru zaidi. Nakala ya zamani usiitupe, iandike tarehe uiweke. Hutokea mshororo uliofutwa ukawa bora kuliko uliouingiza.

Tia jina lako ndani ya shairi, katika ubeti wa kaditama, yaani wa mwisho, kama walivyofanya wakongwe. Shairi likishaanza kutumwa kutoka simu hadi simu, jina lililoandikwa chini hukatwa kwanza, lakini lililofungwa ndani ya mizani na vina haliondoki bila ya kuuvunja ubeti. Kwa kazi unayotaka kuichapisha au kuwapa watu wa taarabu waiimbe, nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, uulize utaratibu wa kuisajili kabla hujaitoa, si baada ya kuisikia redioni.

Unaporudi kikaoni mara ya pili, usilete shairi zima kama kwamba ni jipya. Leta beti ulizozibadilisha, ya zamani na mpya kando kwa kando, na swali moja kwa kila ubeti. Anza na wale waliokwama mara ya kwanza, uwape wasome kwa sauti pale pale walipokwama, nawe utie alama tena.